Naombeni ushauri: LinkedIn yangu na intavyuu ya Alhamisi

Kalamu Tupu: Wakuu habari za usiku. Nina intavyuu Alhamisi, na HR wao kanitumia ombi la kuungana LinkedIn jana jioni, sijalikubali mpaka sasa. Swali langu dogo tu, nikibadilisha tarehe kwenye profaili sasa hivi watu nilioungana nao watapata taarifa? Na ile ya zamani itaendelea kuonekana Google? Naomba majibu ya haraka, usingizi sina.

Mzee wa Faili: Ingia kwenye mipangilio, kuna sehemu ya kutangazia watu mabadiliko ya profaili yako, izime kabla hujagusa kitu. Google huwa inachelewa kusoma upya, ya zamani inaweza kubaki siku kadhaa. Ila HR keshaifungua huyo. Tarehe gani unayobadilisha?

Mama Wawili: Mdogo wangu anza na picha! Mimi nilikaa miaka mitatu na picha niliyoikata kwenye harusi ya dada yangu, mkono wa mtu umebaki begani una bangili, nikawa nashangaa mbona siitwi popote. Nilipiga nyingine ukutani, mchana, basi. Weka picha nzuri.

Kalamu Tupu: Picha iko sawa dada. Tarehe ni ya kazi ya mwisho tu, sio ishu kubwa.

Mzee wa Faili: Sio ishu kubwa halafu hulali? Funguka tukusaidie.

Kalamu Tupu: Sawa. Kazini nilitolewa mwezi wa tatu, profaili bado inasema "hadi sasa". Na cheo nimeandika msimamizi wa mauzo wakati nilikuwa msaidizi. Lakini jamani msimamizi alivyoenda likizo miezi miwili ripoti zote niliandika mimi, wateja walikuwa wananipigia mimi, kwa hiyo sio uongo moja kwa moja. CV niliyotuma iko hivyohivyo. Nimeamua nirekebishe tarehe, cheo kibaki. Kinachonitisha ni bosi wangu wa zamani, juzi kaangalia profaili yangu, jina lake nimeliona kabisa, na mimi nimejificha hata nikimtembelea mtu haoni ni nani.

Abu Subira: Njia ya mwongo fupi ndugu yangu. Riziki haitafutwi kwa cheo cha mwenzio.

Kiti cha Nyuma: Niliwahi kukaa kwenye paneli ya usaili. Kijana alikuwa anajibu vizuri sana, ila CV inasema kaondoka mwaka huu na LinkedIn mwaka mwingine, hatukuuliza tena chochote kuhusu kazi, muda wote uliobaki tulikuwa kwenye tarehe. Miezi ya kukaa bila kazi haikutuuma hata kidogo. Iliniuma kumuona anavyotafuta maneno.

Chunguza Kwanza: Wakuu hii ni chai. Akaunti ya bure ukijificha na wewe huoni nani kakutazama. Sasa jina la bosi kaliona wapi?

Mama Wawili: Eeh kumbe! Na mimi nilikuwa nishaanza kumuonea huruma.

Kalamu Tupu: Nilijificha BAADA ya kumuona, nilipaniki. Saa nane za usiku nitunge ili nipate nini?

Chunguza Kwanza: Basi nijibu hili. Bosi mmekaa miezi bila habari, juzi kakukumbukaje? Wadhamini kwenye CV uliweka nani?

Kalamu Tupu: Yeye. Ni CV ya zamani, sikuwahi kumtoa.

Mzee wa Faili: Mkuu, huyo huenda keshapigiwa simu. Na ukiacha "hadi sasa" unaendelea kuhesabika kwenye ukurasa wa kampuni kama mfanyakazi wao, wenzako wanakuona. Usirekebishe kimyakimya. Mwandikie HR asubuhi na mapema, mtumie CV iliyorekebishwa, sema kazi iliisha mwezi wa tatu na cheo kilikuwa msaidizi. Ile miezi miwili iandike chini ya cheo, ripoti ngapi, wateja wangapi, hiyo ni mali yako halali.

Kalamu Tupu: Wakisitisha intavyuu je?

Kiti cha Nyuma: Wanaweza. Ila sisi yule kijana angetuandikia kabla, tungemuita.

Kalamu Tupu: Tarehe nimeshaweka. Neno msimamizi nimelifuta, nikalirudisha, nimelifuta tena. Barua pepe nimeandika mistari minne, naombeni mtu anisomee kabla sijatuma.

Mzee wa Faili: Iweke hapa, toa majina. Niko macho.