"Makabila yenye akili": ni vinasaba, au ni kahawa na misheni?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini watu hawajaacha kuzipanga. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, mtu anapekua majina, anahesabu akina Mushi wa Kilimanjaro wangapi na akina Rweyemamu wa Bukoba wangapi, kisha anatoa hukumu: kuna makabila yamezaliwa na akili, mengine yameumbiwa ngoma. Safari hii kwenye kundi letu la ukoo hukumu imekuja na takwimu: "Akili ni ya kurithi kwa asilimia 50 hadi 80, kwa hiyo mikoa iliyobaki nyuma isimlaumu mtu." Nimeileta hapa, hoja ijibiwe kwa hoja.

Kinachokubalika nakikubali. Tafiti za mapacha, nyingi za Ulaya na Marekani, zinaonyesha kwamba urithi una mchango mkubwa katika tofauti za alama za vipimo vya akili kati ya mtu na mtu. Ila asilimia hiyo inapima tofauti zilizomo ndani ya kundi linaloishi katika mazingira yanayokaribiana. Haigusi kabisa swali la kwa nini kundi moja limelipita jingine. Richard Lewontin, mwanabaiolojia wa Marekani, alilieleza hili mwaka 1970 kwa mfano wa mbegu, nami nauhamishia kwetu. Chota mahindi mchanganyiko kutoka gunia moja, nusu panda Mbozi kwa mbolea, nusu panda Dodoma bila mbolea. Ndani ya kila shamba, mche ukiupita mche mwenzake, sababu ni mbegu. Shamba likilipita shamba, sababu ni mvua na mbolea, na mbegu hazina kesi.

Sasa twende Kilimanjaro na Bukoba. Miinuko ile iliwafaa wamisionari na iliifaa kahawa, kwa hiyo shule na hela vilifika karibu wakati mmoja. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao cha kahawa tangu 1925, na KNCU, chama kikuu chao cha ushirika, ikaundwa 1933. Miaka ya 1970 serikali ilipoanza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kimkoa ili waliobaki nyuma nao wapate, wazazi wa Kilimanjaro wakachangishana wakajenga sekondari zao za binafsi. Babu aliyeuza kahawa akamsomesha baba, baba akamsomesha mtoto, na mtoto amezaliwa akakuta vitabu sebuleni. Huo nao ni urithi, lakini haupiti kwenye damu.

Mtu wa Takwimu:
Mleta mada, umeipiga hoja ya kijiweni ukaiacha ya wasomi. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu takriban milioni 1.1. Walikusanya vijitofauti vidogo vidogo vya vinasaba, wakavijumlisha kuwa alama moja, na alama hiyo ikaeleza asilimia 11 hadi 13 ya tofauti za miaka ambayo watu wamekaa shuleni. Hapo hakuna kahawa wala misheni. Halafu nijibu hili: watoto wa tumbo moja, nyumba moja, ugali mmoja, huyu anapata divisheni wani na yule anapata ziro. Misheni ilimruka mmoja? Tunaogopa kusema ukweli kwa sababu wakoloni waliutumia vibaya.

Mleta mada:
Watoto wa tumbo moja ni mfano mzuri, tena ni wa kwangu: hao wako ndani ya shamba moja. Na huo utafiti wako, alama ilitengenezwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Watafiti hao hao walipoijaribu kwa Wamarekani weusi, uwezo wake ulishuka hadi asilimia 1.6. Chombo kinachopoteza shabaha kiasi hicho, wewe unataka kukitumia kupima Moshi na Masasi! Hata kwao wenyewe, ukilinganisha ndugu kwa ndugu nguvu yake inapungua sana, kwa sababu sehemu ya ilichokuwa inakipima ni malezi ya wazazi waliosoma.

Binti Makete:
Mnabishana juu ya mbegu, sisi huku tunaijua njaa ya mtoto aliyeshiba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu, yaani kimo kisichofikia umri kwa sababu ya lishe duni, kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchi nzima. Iringa ilikuwa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hiyo ndiyo mikoa inayowalisha ninyi wa Dar!

Njooni muone inavyokuwa. Mama anatoka alfajiri kwenda kwenye viazi. Mtoto wa miezi tisa anaachwa na dada yake wa darasa la pili, pamoja na sufuria ya uji wa sembe uliopikwa kabla ya jua. Uji umeshaganda, hauna karanga wala maziwa, na mtoto analishwa huo huo mpaka jioni. Mayai yako nyumbani, ila ni ya kuuza. Viazi vinapakiwa lumbesa kwenye Fuso vinakwenda Kariakoo. Tumbo limejaa, ubongo haujapata kitu. Mtoto huyo akifeli hesabu miaka kumi baadaye, mtapekua ukoo wake?

Wa Runyenjes:
Hamjambo, mimi ni wa Embu, Kenya. Kwetu hili jambo lilipimwa. Mwaka 1984 watafiti waliwapa watoto wa kijijini huku Embu mtihani wa maumbo, ule ambao hauhitaji kusoma. Mwaka 1998 wakarudi na mtihani ule ule kwa watoto wengine wa miaka saba, sehemu ile ile. Katika hiyo miaka 14 alama zilikuwa zimepanda kwa pointi kama 26. Damu ni ile ile. Kilichobadilika: akina mama wengi zaidi walikuwa wamesoma, watoto kwa kila boma walipungua, na chakula kilikuwa bora.

Na huyo anayesema wakoloni waliutumia ukweli vibaya, hebu aangalie huo ukweli wenyewe. Mwaka 1934 F. W. Vint, daktari wa serikali Nairobi, alichapisha matokeo ya kupima bongo 100 za wanaume Waafrika. Wastani wake ulikuwa gramu 1,276, akaulinganisha na 1,428 za Wazungu. Bongo zilikuwa za watu waliofia hospitalini, na hatujui utotoni walikula nini. Mwenzake H. L. Gordon, wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, alikuwa tayari anahubiri kwamba shule za Kizungu zinaweza kumharibu Mwafrika akili. Walowezi waliosikia hayo hawakuhitaji kuuliza kama mizani iko sawa. Waliitaka hiyo jibu.

Mtu wa Takwimu:
Embu haifuti urithi. Mahindi yote yakiongezewa mbolea yatarefuka, na bado yatapitana. Na kupanda kwa alama za mtihani mmoja wa maumbo si lazima kuwe kupanda kwa akili kwa ujumla, wataalamu wanalibishania hilo mpaka leo.

Mleta mada:
Yatapitana, sawa, nilishasema hivyo juu. Ila kama miaka 14 inaweza kusogeza alama 26 bila kugusa vinasaba, basi pengo dogo kuliko hilo kati ya mkoa na mkoa halihitaji vinasaba kulieleza. Na kama unasema mtihani haupimi akili yenyewe alama zinapopanda, usiniambie unaipima alama zinapokuwa chini.

Ticha wa Bagamoyo:
Nakazia hapo kwenye mtihani. Kuna utafiti ulifanyika kwetu Bagamoyo, ukachapishwa 2002, chini ya Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani. Watoto wa shule za msingi walipimwa, wakafundishwa mbinu za maswali hayo kwa muda usiofika saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda, na waliokuwa juu mwanzoni si lazima ndio waliokuwa juu mwishoni. Saa moja tu!

Mimi nina darasa la watoto zaidi ya tisini. Yupo mmoja, mtoto wa mvuvi, ambaye chombo kikifunga gati asubuhi anajua kugawa mauzo ya dagaa: mafuta yatolewe kwanza, kisha sehemu ya mwenye chombo, kisha ya mabaharia, na hakosei hata mia. Nikiandika hesabu ile ile ubaoni kwa maneno ya kitabu, anatazama dirishani. Mtihani wa darasa la saba utamwandika hana akili. Mwenzake wa shule ya Kiingereza, mwenye masomo ya ziada jioni, ataandikwa kipaji maalumu na kwenda Ilboru au Kibaha.

Mtu wa Takwimu:
Basi tuyaache makabila, hilo naliachia. Nabaki na hili: ndani ya darasa hilo la tisini wapo waliozaliwa wepesi kuliko wenzao. Serikali iwatafute na kuwapa shule zao, au iwaache wazame na wengine ili tuonekane sawa?

Mleta mada:
Iwatafute. Shule za vipaji maalumu sizipingi. Napinga kuwatafuta kwa mtihani mmoja wa siku mbili, ambao aliyelipiwa masomo ya ziada ameshauzoea na mtoto wa dagaa anakutana nao kwa mara ya kwanza. Wapimwe mara mbili, katikati wafundishwe, kama walivyofanya Bagamoyo, na nafasi apewe pia anayepanda haraka.

Binti Makete:
Na gharama ya kupima mara mbili nchi nzima inatoka wapi, wakati shule yetu uji wa saa nne ni kwa wale tu ambao wazazi wamechangia debe la mahindi?

Ticha wa Bagamoyo:
Dada, kwetu pia ni hivyo. Asiyechangia anatumwa kuchota maji wenzake wakinywa uji. Mwenye shule ambayo wamelitatua hili aje atueleze wamefanyaje.