Ng'ombe anabana maziwa kwa mkamuaji mpya, nimchome oksitosini?

mfugaji_Hai:
Wakuu, naomba msaada. Ng'ombe ni chotara wa Friesian, uzao wa pili, ana miezi miwili tangu azae. Mkamuaji wa zamani alikuwa anapata lita saba asubuhi, huyu mpya hafikishi nne na kiwele kinabaki kimejaa. Chakula hakijabadilika. Muuza dawa ananishauri nimchome oksitosini, ile homoni ya kushusha maziwa, kila anapokamuliwa. Ni sawa?

Kiwele:
Usianzie kwenye sindano, mkuu. Oksitosini anayo mwenyewe, ila kuna kitu kinamzuia asiitoe.

Kwenye kiwele, sehemu ndogo ya maziwa, kama moja ya tano, imeshashuka kwenye uwazi ulio juu ya chuchu. Hayo yeyote anayapata. Yaliyobaki yamo kwenye vifuko vidogo sana huko juu, na hayashuki kwa kuvutwa. Chuchu zikiguswa, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo, tezi ya pituitari iliyo chini yake inamwaga oksitosini kwenye damu, nayo ikifika kiweleni inaiminya misuli midogo inayozunguka vifuko. Tangu kuguswa hadi maziwa kushuka ni kama dakika moja hadi moja na nusu. Nguvu yake ni ya dakika chache tu, tano hadi nane hivi.

Sasa mwangalie mkamuaji wako. Akiosha kiwele halafu akaenda kutafuta ndoo, homoni inaisha bila kazi. Akianza kukamua papo hapo, anamaliza yale ya chini, kisha anavuta chuchu tupu na ng'ombe anaumia. Afanye hivi: ndoo na chakula viwe tayari kwanza. Aoshe chuchu kwa maji ya uvuguvugu, azikaushe kwa kitambaa safi, atoe mikamuo mitatu ya mwanzo ya kila chuchu kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi aone kama kuna mabonge. Dakika moja tangu aguse ikitimia, aanze kukamua kwa kiganja kizima, si kwa kuvuta na vidole viwili, na amalize ndani ya dakika saba.

Dkt_Mifugo:
Naongezea upande wa hofu. Ng'ombe akishtuka, akipigwa, au akiona mbwa bandani, hutoa adrenalini, homoni ya hofu. Hiyo inabana mishipa ya damu ya kiwele, kwa hiyo hata oksitosini ikitoka inafika kidogo. Kwa mtu asiyemjua, ubongo unaweza kutoitoa kabisa. Mweke mkamuaji mpya ampe pumba na kumpapasa kwa siku kadhaa kabla hajashika chuchu. Ale wakati anakamuliwa, kwa sababu kula nako kunaongeza oksitosini. Na akate kucha!

Sindano ni ya daktari, kwa tatizo maalumu na kwa muda mfupi. Ukiifanya ya kila siku, ng'ombe anaitegemea. Siku usipomchoma hashushi. Halafu sindano chafu huleta majipu.

mfugaji_Hai:
Asanteni sana. Kituo cha maziwa wanalalamika pia kwamba mafuta yamepungua. Inahusiana? Na nikimrudishia ndama?

Kiwele:
Inahusiana moja kwa moja. Maziwa ya mwanzo yana mafuta kidogo, ya mwisho ndiyo mazito, na kwako ya mwisho yanabaki ndani. Usichelewe kurekebisha: maziwa yakibaki kiweleni kila siku, vifuko vinapunguza uzalishaji, na lita hizo kuzirudisha ni kazi.

Ndama ni lazima kwa zebu wengi (ng'ombe wa kienyeji wenye nundu), na kwa chotara mwenye damu nyingi ya zebu anasaidia. Anyonye dakika moja, umfunge mbele ya mama yake, ukamue. Lakini huyu wako alikuwa anashusha bila ndama, sioni haja ya kumzoesha. Ndama akifa au akiuzwa, utakuwa na tatizo jipya.

Dkt_Mifugo:
Kabla ya yote, shika robo zote nne za kiwele, yaani sehemu ya kila chuchu, baada ya kukamua. Zote zikiwa zimejaa sawasawa, ni kubana maziwa. Moja ikiwa ngumu na ya moto kuliko nyingine, au kitambaa cheusi kikionyesha mabonge, huo ni ugonjwa wa kiwele. Muite daktari leo, na robo hiyo ikamuliwe ya mwisho kwenye chombo chake.