Mada: Mutombo ametutoka (na swali la mtoto wangu)

Kutoka Clarkston, Georgia. Jumatatu, 30 Septemba 2024, saa 3 usiku

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo.

Najua wengi mmeshapata habari. Dikembe Mutombo, Mkongo mwenzetu aliyevuma Marekani kwa mpira wa kikapu, amefariki leo, akiwa na miaka 58. Tangu Oktoba 2022 ilipotangazwa kuwa ana uvimbe kwenye ubongo na anatibiwa hapa Atlanta, nilikuwa namwombea kimoyomoyo. Leo kazini nilishindwa kujizuia, nikatoka nje nikalia. Sikuwahi kumpa mkono. Lakini tulipofika hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, watu wakituuliza Kongo ni wapi, tulikuwa tunawatajia jina lake, na uso wa mtu unachangamka pale pale.

Naomba mambo mawili. Nyinyi mliomwona zamani, alipokuwa mwanachuo wa Georgetown, niandikieni la kuwasomea watoto wa darasa letu la Kiswahili Jumamosi, maana wao wanamjua tu kwa kile kidole alichokuwa akiwatikisia wapinzani akishawapangua mpira. La pili ni la nyumbani. Mtoto wa dada yangu ana miaka 16, tumempokea mwaka jana, na urefu wake unakaribia mita 2. Tangu aanze kuchezea timu ya kikapu ya shule kuna bwana anatupigia simu, anataka dola 600 za "kumtafutia chuo". Kijana sasa hashiki daftari. Anasema Mutombo naye aliinuliwa na mpira. Nifanyeje?

Kutoka Silver Spring, Maryland. Jumanne, saa 12 asubuhi

Marahaba mwanangu, na pole. Tupoane.

Mwambie kijana hadithi hiyo kaishika mkiani. Mutombo alikuja Washington, chuo cha Georgetown, mwaka 1987 akiwa na miaka 21, kwa ufadhili wa masomo wa serikali ya Marekani, na alichokijia ni udaktari. John Thompson, kocha wa kikapu wa chuo, alimkuta pale pale; urefu wa mita 2.18 haufichiki. Na hata hapo hakuingia uwanjani. Mwaka wa kwanza wote hakucheza mechi, alikaa darasani kujifunza Kiingereza. Alikuwa na Kifaransa chake, Kiluba chake na lugha nyingine za kwao, lakini Kiingereza alikianza huku ukubwani, kama wengi wetu.

Mimi nilimwona kwa macho yangu msimu wa 1988/89. Nilikuwa naosha vyombo usiku, na rafiki yangu Mwafrika mwenzangu akanibeba kwa gari lake hadi Capital Centre, kule Landover, Georgetown walikokuwa wanachezea. Sikujua sheria hata moja ya kikapu. Nilichokijua ni kwamba kuna mtoto wa Kinshasa, na mwenzake Alonzo Mourning, na mtu akileta mpira karibu na goli lao wanaupangua kama anayefukuza nzi kwenye chakula. Chini ya goli kulikuwa na wanafunzi waliojiita Rejection Row. Kila mtupo ukipanguliwa, wananyanyua picha ya mkono uliokunjuliwa. Mkono mmoja, wa pili, wa tatu, hadi ukuta mzima ukawa mikono. Msimu huo huo, dhidi ya St. John's, alipangua mitupo 12 katika mechi moja. Alikuwa bado mchanga kabisa katika mpira wa kule.

Nilirudi kuosha vyombo usiku ule nikiwa natembea kifua mbele.

Sasa hili ndilo umsomee kijana polepole. Udaktari aliuacha, lakini shule hakuiacha. Mwaka 1991 alihitimu isimu na diplomasia. Likizo za kiangazi alifanya kazi za mafunzo, moja katika ofisi ya mbunge hapa Washington, nyingine Benki ya Dunia. Yote hayo kabla timu ya Denver haijamchukua, akiwa wa nne kuchaguliwa na timu za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka ule. Misimu 18 ya ligi hiyo ilikuja baadaye, na mitupo 3,289 aliyoipangua, ambayo ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake aliyemzidi. Vyote vilimkuta ameshakuwa msomi.

Kutoka Portland, Maine. Jumanne, saa 5 asubuhi

Jambo wapendwa. Mimi ni mtu wa Bukavu, lakini nimeishi Kinshasa miaka minane.

Wengine wataeleza mpira. Mimi nakumbuka mwaka 1996, timu yetu ya wanawake ya kikapu, enzi hizo bado Zaire, ilipokwenda Olimpiki ya Atlanta na pesa hamna. Mutombo ndiye aliyewalipia nguo na gharama. Tulikuwa wasichana tunacheza pekupeku barabarani na mpira uliochoka, na tuliposikia hivyo tulipiga vigelegele mtaa mzima.

Kisha kuna mama yake, Biamba Marie. Aliugua wakati wa vita, barabara zimefungwa, hakuweza kufikishwa hospitali, akafa. Mtoto aliyekuja Amerika kusomea udaktari akampoteza mama namna ile. Alirudi akajenga hospitali Masina, pale pale Kinshasa, vitanda 300, akaipa jina la mama. Ilifunguliwa mwaka 2007, na mamilioni mengi yalitoka mfukoni mwake. Shangazi yangu alijifungulia pale. Aliniambia kwa simu, "Mwanangu, kitanda kilikuwa na shuka safi." Mtu asiyejua hospitali zetu hataelewa kwa nini nililia kwa ajili ya shuka.

Dada wa Clarkston, umeruhusu tuongee ya maisha, basi niongeze. Hapa hospitali ziko karibu, lakini watu wetu wanakaa na ugonjwa nyumbani kwa sababu ya lugha. Hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu zinatakiwa zikupe mkalimani bure. Mwambie mtu wa mapokezi, "Swahili interpreter", au umwandikie kwenye karatasi. Usimtume mtoto wa miaka kumi akutafsirie ugonjwa wako. Nimeona binti mdogo anamwambia mama yake habari za uvimbe, maneno yakamkwama kooni. Sitaki kuona tena.

Kutoka Minneapolis, Minnesota. Jumanne, saa 2 usiku

Hamjambo nyote, poleni kwa msiba huu. Mimi ni Mkenya, nafundisha sekondari, na wachezaji wetu ndio ninaowashughulikia makaratasi. Mama, nitakwenda moja kwa moja.

Huyo bwana usimlipe hata senti. Kocha wa chuo anayemtaka kijana hamtozi mzazi pesa za kumtafuta. Mzazi mmoja wa hapa kwetu alitoa pesa, na simu ile haikupokelewa tena.

Wiki hii nenda shuleni, omba kukutana na mshauri wa masomo, na umuulize swali moja: masomo ya mtoto wangu yanahesabiwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo? Kwa timu za vyuo za daraja la kwanza wanadai masomo 16 ya msingi: Kiingereza, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii na kadhalika. Kumi kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla mwaka wa mwisho wa sekondari haujaanza, na wastani wa alama usipungue 2.3. Watoto wetu wanakwama hapo. Anafika na miaka 15 au 16, anawekwa darasa la kujifunza Kiingereza, ambalo mara nyingi halihesabiwi, na anapokuja kushtuka muda umekwisha. Urefu haumsaidii kitu hapo. Vyeti vya shule ya kambini vitafuteni sasa, maana vinaweza kuingizwa kwenye hesabu.

Na kama aliingia kama mkimbizi, anaruhusiwa kuomba msaada wa serikali wa masomo ya chuo kupitia fomu iitwayo FAFSA, acheze mpira asicheze. Hilo wazazi wengi hawaambiwi.

Kuhusu Mutombo, mimi nilikuwa mtoto Nakuru. Mwaka 1994 Denver yake ilipowatoa Seattle kwenye mtoano, nilikuja kuona picha yake gazetini: amelala chali sakafuni, mpira ameushika kwa mikono miwili juu ya uso, anacheka huku analia. Niliikata nikaibandika ukutani kwa ugali, kwa kuwa gundi hatukuwa nayo.

Kutoka Clarkston, Georgia. Jumamosi, 5 Oktoba 2024, jioni

Asanteni sana, wakubwa kwa wadogo. Bwana wa dola 600 amepiga tena, na safari hii nimemwambia asirudie. Mshauri wa shule tumemwona Alhamisi. Kijana ana masomo manne tu yanayohesabiwa. Ameandikishwa hesabu za ziada, na nimempigia mwalimu wake wa Nyarugusu kuulizia vyeti.

Leo darasani nimewasomea barua zenu. Nilipofika kwenye ile mikono ya Rejection Row, watoto waliomba karatasi, kila mmoja akachora wake. Kuta za chumba hazikutosha, tukabandika mpaka dirishani. Kijana wangu alikaa nyuma, kimya. Kwenye gari akaniuliza, "Mama mdogo, isimu ni kitu gani?"

Nimeshindwa kumjibu vizuri. Baba wa Silver Spring, nakupigia kesho baada ya kanisa, uongee naye.