Bila mkataba wa kulindana, je, China na Pakistan ni washirika wa kweli dhidi ya India?

Mwalimu wa Nyegezi

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha historia kidato cha sita hapa Nyegezi, na wiki hii tumefika kwenye migogoro ya Asia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini China na Pakistan huitwa washirika, ilhali hakuna mkataba unaoilazimu China kuingia vitani Pakistan inaposhambuliwa. Ninafahamu kwamba nchi hizo zinapakana milimani na kwamba kila moja ina mgogoro wa mpaka na India. Ningependa kupata maoni ya wanaofuatilia eneo hilo kwa karibu: ushirika huo una uzito gani risasi zinapoanza kulia, na India inauhofia kwa sababu gani hasa?

Msomaji wa Bugando

Ndugu Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa penyewe. Mkataba wa ulinzi wa aina hiyo China inao na Korea Kaskazini, uliotiwa saini mwaka 1961. Pakistan haina wake.

Urafiki wenyewe ulikolea baada ya vita vya China na India vya Oktoba na Novemba 1962, ambavyo India ilishindwa vibaya. Ajabu ni kwamba wakati huo Pakistan ilikuwa mwanachama wa SEATO na CENTO, jumuiya mbili zilizoundwa ili kuuzuia ukomunisti. Hilo halikuizuia kutia saini makubaliano ya mpaka na China mnamo Machi 1963, ambayo yaliliacha bonde la Shaksgam mikononi mwa China. Ndani ya makubaliano hayo kuna kifungu kinachosema kwamba mgogoro wa Kashmir, eneo la milimani linalogombaniwa na India na Pakistan, ukishatatuliwa, mamlaka itakayokuwa na haki juu ya eneo hilo itajadiliana upya na China. Kwa maoni yangu kifungu hicho kinaeleza tabia ya China kuliko hotuba zote za urafiki ulio juu kuliko milima: ilimpa rafiki heshima ya kutambuliwa, lakini haikujifunga kwake moja kwa moja.

Sasa tazama ilivyokuwa vitani. Septemba 1965, India na Pakistan zikiwa zinapigana, China iliipa India makataa kuhusu vituo vyake vya mpakani Sikkim, lakini vita vilisimamishwa bila China kushambulia. Mwaka 1971, Pakistan ilipopoteza nusu yake ya mashariki, ambayo ndiyo Bangladesh ya leo, China ililaani kwa maneno tu. Ilikuwa na sababu: India ilikuwa imetia saini mkataba na Umoja wa Kisovieti mwezi Agosti mwaka huohuo, majeshi ya Kisovieti yalikuwa yamepigana na yale ya China mpakani mwaka 1969, na Desemba njia za Himalaya hufungwa na theluji. Mwaka uliofuata China ilitumia kura yake ya kwanza ya turufu tangu ikalie kiti cha Umoja wa Mataifa, ikaizuia Bangladesh kujiunga. Hiyo ni fidia ya kidiplomasia, nayo haikurudisha hata shamba moja. Katika vita vya India na Pakistan vya Kargil, mwaka 1999, China haikutoa hata makataa. Mla nawe hafi nawe, Mwalimu.

Mzee wa Kirumba

Kijana wangu wa Bugando ameeleza vizuri, lakini kipimo chake kina kasoro. Sisi tuliokuwa Mwanza mwaka 1979 tunakumbuka mshirika aliyekuja kupigana kweli. Libya ilimpelekea Idi Amin askari na ndege, na ndege mojawapo ilitumwa kuupiga mji huu, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Amin alianguka hata hivyo. Kwa hiyo kuuliza tu kama mshirika ataleta askari hakutoshi. Muulizeni anafanya nini wakati wa amani, kwa sababu nguvu ya vita hujengwa miaka mingi kabla ya vita.

Fundi Mitambo, Ilemela

Shikamoo Mzee, nami ninaendelea hapohapo ulipoishia. Wakati wa amani China imefanya mengi. Barabara ya Karakoram, inayopita kwenye njia ya mlimani ya Khunjerab, mpakani mwa China na Pakistan, iliyo juu kwa takribani mita 4,700, ilijengwa na nchi hizo mbili pamoja, na mamia ya wafanyakazi walifia humo. Vinu vya nyuklia vya Chashma vimetoka China. Ndege za kivita za JF-17 huundwa kwa ushirikiano katika kiwanda cha Kamra. Takwimu za SIPRI, taasisi inayofuatilia biashara ya silaha duniani, zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2020 na 2024 China ilitoa asilimia 81 ya silaha ambazo Pakistan iliagiza kutoka nje. Katika mapigano ya Mei 2025 Pakistan ilitumia ndege za J-10C za China, na mkuu wa majeshi ya India alikiri baadaye kwamba walipoteza ndege, ingawa hakutaja idadi.

Hofu ya India, Mwalimu, ni medani mbili. Tangu mapigano yake na China katika bonde la Galwan ya Juni 2020, yaliyoua askari 20 wa India, nchi hiyo imelazimika kuweka maelfu ya askari Ladakh, eneo lake linalopakana na China, kuikabili China, askari ambao haiwezi kuwahamishia mpaka wa Pakistan bila kuacha pengo. China haihitaji kufyatua risasi. Inatosha ikae pale ilipo. Sisi wa kanda ya ziwa tuna bahati ya kuwa mbali: daraja la Kigongo–Busisi limejengwa na kampuni za China, na maji ya ziwa letu yamefika Tabora kwa mkopo wa India, wala hakuna aliyetulazimisha kuchagua. Pakistan haina nafasi hiyo.

Msomaji wa Bugando

Ninakubali hoja ya medani mbili. Ila tusisahau kwamba Oktoba 2024 China na India ziliafikiana kuhusu doria za mpakani, na Agosti 2025 waziri mkuu wa India, Narendra Modi, alikwenda Tianjin, China. Medani moja ikipoa, thamani ya ushirika hupungua, na anayeamua ipoe lini si Pakistan. Isitoshe, wahandisi wa China wanauawa ndani ya Pakistan, kama ilivyotokea Dasu mwaka 2021 na Besham mwaka 2024, jambo linaloikera Beijing waziwazi.

Mwalimu wa Nyegezi

Ninawashukuru nyote, Mzee, shikamoo. Swali dogo la nyongeza: bonde la Shaksgam nilionyesheje kwenye ramani ya darasani?

Fundi Mitambo, Ilemela

China ndiyo inayolitawala, na India bado inalidai. Mwaka 2024 ililalamika rasmi kuhusu ujenzi unaofanywa humo. Lipake rangi ya China, kisha lizungushie mstari wa nukta.