Dalili za seli za masti: mgonjwa yuko Arusha, aanzie kwa bingwa gani?

Mama_Sakina

Habari zenu wadau. Namuulizia mdogo wangu wa kike, miaka 34, anakaa Sakina. Kila baada ya wiki mbili tatu mwili unamwasha ghafla, uso unavimba, tumbo linamkata na kuharisha, halafu kizunguzungu. Mara mbili presha imepimwa wakati huo ikakutwa 85/50. Mapajani na kifuani ana madoa ya kahawia ya miaka mingi. Vipimo vya aleji ya vyakula havikuonyesha kitu. Daktari katutajia seli za masti, zile seli za kinga zinazomwaga kemikali za aleji, na kipimo cha damu kinaitwa triptasi, yaani kemikali mojawapo inayotoka kwenye seli hizo. Bima anayo. Bingwa wa haya kwa huku Kaskazini yuko wapi, na tufike tukiwa na nini mkononi?

Kibosho_Juu

Dada, pole kwa kuuguza. Ukitafuta kliniki yenye kibao cha seli za masti utazunguka bure. Seli hizi chimbuko lake ni uloto (uboho wa ndani ya mifupa), zikishakomaa hukaa kwenye ngozi, utumbo na njia ya hewa, kwa hiyo ugonjwa wake huangukia idara mbili: ngozi na damu. Mwenye madoa aanzie ngozi. Hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichofunguliwa 1992, na madaktari wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika wanasomea hapo. Kutoka Arusha ni kama kilomita 80. Huna sababu ya kuanzia Dar au Nairobi.

Mpitie hospitali ya Mount Meru mchukue rufaa, na msikubali iandikwe "aleji" peke yake. Neno hilo likitangulia, mgonjwa hupewa vidonge vya mwasho na kurudishwa nyumbani. Mwombeni daktari aandike hali ilivyo: presha kushuka kwa vipindi pamoja na mwasho na kuharisha, madoa ya kahawia ya muda mrefu, anashukiwa mastositosisi, yaani ugonjwa wa seli za masti kuzidi mwilini.

Bingwa wa ngozi atalisugua doa moja kwa kitu butu. Likiinuka na kuwasha ndani ya dakika chache, hiyo ni dalili nzito. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo cha kuangalia ni uvimbe, na vidole huutambua mapema kuliko macho. Msijaribu wenyewe nyumbani, maana kusugua sehemu kubwa kunaweza kuamsha shambulio. Baada ya hapo hukatwa kinyama cha milimita 3 au 4. Fomu ya maabara iombe rangi maalumu za kutambua seli za masti, CD117 na triptasi. Kwa rangi za kawaida seli hizi hupotea machoni, jibu likarudi "uvimbe wa kawaida wa ngozi" na safari nzima ikaishia hapo.

Mtu mzima mwenye madoa haya mara nyingi uloto wake nao umeguswa. Jibu la ngozi likithibitisha, ombeni apelekwe kwa bingwa wa damu, ambaye ataamua kuhusu kuchukua uloto na kupima badiliko la jeni ya KIT liitwalo D816V.

Maabara_Kwanza

Naongeza la triptasi, kwa sababu wengi wanaharibikiwa hapa. Kipimo kimoja hakitoshi. Vinatakiwa viwili, na saa ya kuchukua damu ina uzito sawa na namba itakayotoka.

Cha kwanza ni cha wakati wa shambulio: damu itolewe kati ya dakika 30 na saa 2 tangu dalili zianze, ikichelewa sana isizidi saa 4. Cha pili ni cha siku ya utulivu, angalau saa 24 baada ya dalili zote kuisha. Chukua namba ya utulivu, zidisha kwa 1.2, jumlisha 2. Ile ya shambulio ikifika hapo au kupita, seli za masti zimefyatuka kweli, yaani zimemwaga kemikali zake. Mfano, utulivu ni 5 (nanogramu kwa mililita): mara 1.2 ni 6, jumlisha 2 ni 8. Shambulio likitoa 9, hilo ni ongezeko la maana, ingawa karatasi ya majibu itaandika "kawaida" kwa kuwa maabara nyingi zinaweka kikomo kwenye 11.4. Daktari aliyepewa karatasi moja atasema hakuna tatizo, na hutamlaumu.

Namba ya utulivu nayo ina ujumbe wake. Ikizidi 20, inahesabiwa miongoni mwa vigezo vya mastositosisi. Ikiwa 8 au zaidi, inawezekana ni hali ya kurithi ya kuwa na triptasi nyingi, na kuna kipimo cha jeni kwa ajili hiyo.

Pigeni simu maabara kabla ya siku yenyewe. Waulizeni kama wanapima hapo hapo au wanasafirisha sampuli, bei, na kama bima inalipia. Damu ikae kwenye chupa ya seramu (maji ya damu yanayobaki ikishaganda), izungushwe kwenye mashine, seramu itengwe na kuwekwa kwenye baridi. Juu ya chupa iandikwe saa dalili zilipoanza na saa damu ilipotolewa. Bila saa hizo mbili, namba haisomeki.

Pia wapime choo kwa minyoo na kichocho, na picha kamili ya damu. Huku kwetu hivyo havirukwi.

Mama_Sakina

Asanteni sana, nimeelewa kuliko miezi yote hii. Je, aache setirizini, kidonge chake cha mwasho, kabla ya kupima triptasi? Na tumbo likimbana huwa anachomwa sindano ya diklofenaki.

Dawa_Salama

Setirizini asiache, haibadilishi triptasi. Huachwa kama wiki moja kabla ya kipimo cha aleji cha kuchoma ngozi, tena kwa ruhusa ya daktari. Klofeniramini, nayo ya mwasho, isiwe ya kila siku, inalevya usingizi. Daktari anaweza kuongeza famotidini, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na hiyo inasaidia upande wa tumbo.

Diklofenaki isimamishwe mpaka aonane na bingwa. Kundi lake lote, pamoja na ibuprofeni na aspirini, linaweza kufyatua seli hizi. Kodeini, mofini na dawa ya kung'arisha picha za X-ray nazo ni za tahadhari. Parasetamoli kwa kawaida huvumilika. Muandike orodha hii kwenye karatasi, ikae ndani ya kadi ya bima, na daktari wa usingizi aione kabla ya upasuaji wowote. Kama anameza dawa za presha au moyo kama propranololi au atenololi, mwambieni daktari haraka, kwa sababu huzuia adrenalini isifanye kazi yake.

Kwa presha ya 85/50 na uso kuvimba, dawa ya kwanza ni adrenalini. Setirizini haipandishi presha. Mtu mzima ni nusu mililita ya ile ya miligramu 1 kwa mililita, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Hali isipotulia hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15. Mgonjwa alale chali, miguu juu, asisimamishwe ghafla hata akisema nafuu, kisha apelekwe hospitali na huko damu ya triptasi itolewe.

Kalamu za kujichoma ni ngumu kupatikana huku. Mwombeni bingwa awaandikie ampuli na mabomba ya mililita 1, na muuguzi awafundishe kuvuta dawa mpaka mkono uzoee. Ampuli zikae ndani ya boksi, mbali na mwanga na joto, zisigandishwe kwenye friza. Dawa ikigeuka ya pinki au kahawia, tupeni mnunue nyingine.