Wakala alisema gari linafika hadi mlangoni mwa abasia, makao ya watawa. Mama yangu ana miaka 71!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira hadi mikono inatetemeka.

Mama kaja kutoka Songea kunitembelea hapa Ufaransa. Amekulia jirani na Peramiho, watawa Wabenediktini wa pale anawajua tangu utotoni, na ombi lake lilikuwa moja tu: aone abasia ya kale ya shirika hilo kabla hajarudi. Nikachagua Saint-Martin-du-Canigou, kwenye milima ya Pirenei. Nikampigia wakala wa safari mara mbili: mama magoti yanamsumbua, gari linaishia wapi? Akajibu, "Hadi mlangoni, ondoa shaka." Nikalipa.

Uongo mtupu! Dereva katushusha kijijini Casteil, akatuonyesha njia kwa kidole. Kuanzia pale ni miguu yako, mlima mkali, kona baada ya kona. Mwenye afya yake anapanda dakika 40 na zaidi. Na juu huko huingii tu unavyotaka, unasubiri kundi na mwongozaji kwa saa zilizopangwa. Mtu anayeuza safari hii hawezi kuwa hayajui haya.

Kona ya tatu mama akakaa juu ya jiwe, akavua kiatu cha kushoto. Kisigino kimetoka lengelenge, limepasuka, soksi imeloa. Akasema, "Nenda mwanangu, utanisimulia." Nimwache porini peke yake? Tukashuka.

Hakuliona kanisa lililotabarukiwa mwaka 1009, kanisa juu ya kanisa: la chini la Bikira Maria, la juu la Mtakatifu Martin, dari zake za mawe zimepinda kama pipa. Hakuona kaburi lililochongwa kwenye mwamba la Guifred, mtawala wa Cerdanya, eneo la milima hiyohiyo, aliyeianzisha abasia, kisha akaacha ukuu wake akawa mtawa humohumo. Tetemeko la 1428 liliibomoa vibaya, na tangu 1902 Askofu Carsalade du Pont akahangaika kuyainua magofu. Kazi yote hiyo, halafu mtu anaigeuza chambo cha kuibia wazee!

Nimedai pesa, wakala ananijibu eti nisome masharti. Nimeyasoma. Tiketi imeandikwa "usafiri hadi abasia", na ninayo mkononi.

Kuna mtu humu aliyewahi kurudishiwa pesa na mawakala wa huku? Alianzia wapi? Mama anaondoka Jumamosi.