Wakili wa kujitegemea anayetaka kushauri sera serikalini: njia ni ipi?

Mleta mada (Mwanza)

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa. Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Mwanza, na kazi zangu nyingi ni mashauri ya ardhi, migogoro ya ajira na madai ya mabenki. Kazi inanilisha, ila siku hizi ninavutiwa zaidi na hatua inayotangulia kesi, yaani pale Serikali inapoamua kwamba jambo fulani litungiwe sheria, litolewe mwongozo tu, au liachwe kama lilivyo. Ninafuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira na kuona nafasi za Afisa Sheria na Wakili wa Serikali, lakini sijaona palipoandikwa kwamba anatafutwa mwanasheria wa kushauri sera. Je, kazi hiyo ipo, au imefichwa ndani ya kazi nyingine? Na mtu akitoka kwenye kujitegemea akaingia serikalini, uwakili wake unakuwaje?

Mstaafu wa Wizarani (Dodoma)

Marahaba mwanangu. Kazi ipo, lakini hutaikuta kwa jina hilo, kwa sababu muundo wa wizara zetu umeitenganisha. Kila wizara ina Idara ya Sera na Mipango, ambayo kwa kawaida imejaa wachumi, watakwimu na maafisa mipango, na ina kitengo cha sheria ambacho ndicho utakachopangiwa wewe. Sera inaanzia kwao na kukufikia ikiwa tayari ina umbo. Ukikaa mezani ukisubiri jalada lije, utabaki kuwa mtu wa kupitia mikataba na kujibu barua za madai. Wanasheria niliowaona wakawa washauri wa kweli ni wale waliokwenda kukaa kwenye vikao vya idara ile tangu siku ambayo tatizo lilikuwa bado halijaandikwa.

Ukitaka kujua ushauri huo unafanyika wapi hasa, jifunze safari ya Waraka wa Baraza la Mawaziri. Wizara huandika waraka unaoeleza tatizo, hali ilivyo, mapendekezo, athari za kifedha na maoni ya wizara nyingine. Waraka huo huchambuliwa kwanza na Kamati ya Makatibu Wakuu, inayoongozwa na Katibu Mkuu Kiongozi, ndipo upande kwa Mawaziri. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye Ibara ya 59 ya Katiba inamfanya mshauri wa Serikali kuhusu mambo ya sheria, huhudhuria Baraza hilo akiwa na haki za mjumbe isipokuwa kura. Baraza likikubali, wizara hupeleka maelekezo ya uandishi kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na hapo waandishi wa sheria ndipo wanapoanza kutunga muswada. Maelekezo hayo ya uandishi ni karatasi isiyosifiwa na mtu, lakini ninaamini ndiyo inayompima mwanasheria wa wizara kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa yakiwa na mwanya, mwandishi ataujaza kwa makisio yake na wizara italetewa sheria ambayo haikuiomba.

Nikupe mfano unaojulikana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakinzana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kwa wakili wa mahakamani, jambo limekwisha hapo. Kwa mshauri wa sera ndipo linapoanza, na mwaka ule ulipita bila marekebisho kupatikana. Umri wa miaka 18 unaingiaje katika sheria inayotambua pia ndoa za kidini na za kimila? Ndoa zilizokwisha kufungwa zibaki na hadhi gani, na watoto wake je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Sasa yule msichana ambaye hayuko shuleni analindwa na nini? Waziri hahitaji kuambiwa tena kwamba mahakama imeamua. Anahitaji njia mbili au tatu zinazoweza kupita Bungeni, kila moja ikiwa na gharama yake imeandikwa waziwazi, ikiwemo gharama ya kutofanya kitu.

Afisa Sheria Mwandamizi

Namheshimu mzee, lakini aliyosema yanahusu wizara. Mimi niko kwenye taasisi ndogo ya udhibiti, na huku hakuna ukuta kati ya sera na sheria: ninayeandika rasimu ya kanuni ndiye ninayekaa na wadau kusikiliza malalamiko yao, na ndiye ninayemweleza Mkurugenzi Mkuu kwa nini tozo anayoipenda haina msingi katika sheria mama, yaani sheria ya Bunge inayozipa kanuni zetu nguvu. Kama lengo lako ni sera, usidharau taasisi za aina hii, wala Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo kazi yake yote ni kupitia sheria zilizopo na kupendekeza mabadiliko.

Kuhusu uwakili, ndugu yangu, jiandae kisaikolojia. Ukiwa mwanasheria wa Serikali unaweza kuiwakilisha Serikali mahakamani, lakini huruhusiwi kuendelea na wateja binafsi, hata wale wa jioni na Jumamosi. Funga mafaili au yakabidhi kwa wakili mwingine kabla ya kuripoti kazini. Fahamu pia kwamba tangu mabadiliko ya mwaka 2018, mashauri ya madai yako kwa Wakili Mkuu wa Serikali, mashtaka yako Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na ushauri pamoja na uandishi wa sheria vimebaki kwa Mwanasheria Mkuu. Ukiomba bila kuangalia ofisi, unaweza kujikuta unafanya kesi zilezile ulizozikimbia. Mshahara hautalingana na mwezi wako mzuri wa Mwanza, ingawa utauzidi mwezi wako mbaya.

Jambo moja ambalo vijana hawalitilii maanani ni lugha. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, anayeweza kuandika kifungu cha Kiswahili kisichokuwa na maana mbili anatafutwa sana, na wengi wetu tulifundishwa sheria kwa Kiingereza tu.

Mdau wa Nairobi

Niongeze ya huku kwetu, maana shida hufanana. Kenya, mshauri asiyejali ushirikishaji wa umma anaiangusha kazi nzima. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufani mnamo Julai 2024, kasoro za ushirikishaji zikiwa miongoni mwa sababu, kisha Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo mnamo Oktoba. Serikali ilishinda mwishowe, lakini kwa miezi ile hakuna aliyejua kwa uhakika kodi ipi inasimama. Na kuhusu kanuni zinazotungwa chini ya sheria za Bunge, sheria yetu ya mwaka 2013 inayozisimamia (Statutory Instruments Act) inataka ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu kuchapishwa, la sivyo zinakuwa batili. Mshauri wetu huweka kumbukumbu za kila mkutano na maoni, pamoja na sababu ya kuyakataa yaliyokataliwa, kwa sababu siku moja zitaombwa na jaji.

Mleta mada (Mwanza)

Nawashukuru sana wakubwa. Mzee, kama sina jalada lolote la Serikali la kuonyesha, nitathibitishaje kwenye usaili kwamba ninaweza kazi hiyo?

Mstaafu wa Wizarani (Dodoma)

Kamati za Bunge hualika maoni ya wadau kuhusu miswada, na mlango huo uko wazi hata kwa wakili wa Mwanza. Chagua muswada unaogusa ardhi au ajira, unaouelewa kutokana na wateja wako, uandike maoni ya kurasa tatu: kifungu kinasemaje, kitamuumiza nani, na maneno gani yawekwe badala yake. Usimkemee mtu ndani ya maoni hayo. Yapeleke, na ubaki na nakala.